Mke Mwenza wa Nyanya

Nyumba za Walimu,
S.L.P. 31,
Nyamira.

19 Septemba 1973

Mpendwa kaka Joash,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu mwezi uliopita. Ni kicheko cha Nyanya. Unakikumbuka: huanzia kooni kidogo kidogo, kama kuku anayejiandaa kutaga, halafu hupasuka na boma zima likajua kuna jambo. Sikuwa nimekisikia tangu tumzike Babu. Basi iache ile safari ya msiba uliyokuwa ukijiandalia. Nyanya anakula, anatembea, na anatukana watu kwa mapenzi.

Sasa salamu, maana nimeziruka. Hamjambo huko Tabora? Wifi Abigael amepona ile homa? Sisi tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na mikungu imeinamisha migomba. Naandika kwa Kiswahili ili wifi asome mwenyewe, asikungoje umtafsirie huku ukiruka usiyoyapenda.

Aliyokuandikia Baba mwezi wa saba yalikuwa kweli. Nilipofika nyumbani Marani kwa likizo, nilimkuta Nyanya amelala akiutazama ukuta, amejifunika blanketi la Babu. Daktari wa Kisii hakuona ugonjwa. Mchungaji Abner alikuja kumwombea, akaitikiwa amina, basi. Uji uliingia na kutoka ukiwa umeganda juu.

Aliyenichoma moyo ni Baba. Kila asubuhi alisimama mlangoni, mikono nyuma, akauliza mama yake ameamkaje, akaondoka. Mama naye aliweka bakuli na kutoka bila neno. Walimpa heshima yote anayostahili mzazi na mama mkwe, na heshima hiyo, kwetu Abagusii, haina mzaha. Mwenye ruhusa ya kumtania mzee ni mjukuu. Nikiwa nimekaa pale ndani nikaona kwamba katika boma lile hapakuwa na mtu wa kumchekesha. Babu hayupo. Wewe, ambaye Nyanya alikuwa akikuita mume wake na kukukaripia kwa kuchelewa nyumbani, uko mbali. Wajukuu wengine wametawanyika. Nilibaki mimi, ambaye Nyanya akiniita mke mwenza, kana kwamba nami nimeolewa na Babu, nilizoea kutabasamu kwa adabu na kufungua kitabu.

Unanijua, mzaha hunitoka kwa shida. Nilidhani mtu aliyesomeshwa kwa jasho la wengine lazima akunje uso, jasho lile lisije likaonekana limepotea. Basi nilikaa jikoni nikaandaa utani kama ninavyoandaa somo, nikaukariri, nikaingia. Utani wenyewe ulimgusa marehemu. Kama ungekwenda vibaya, ningekuwa nimemmaliza Nyanya kwa mdomo wangu.

Nikasema, "Mke mwenzangu, blanketi la bwana wetu umelilalia peke yako mwaka mzima. Leo ni zamu yangu."

Mama, aliyekuwa ameshika bakuli, akaziba mdomo kwa mkono mwingine. Nyanya akageuka polepole, akanipima kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe?" akasema. "Na miguu hiyo? Mzee alioa mwanamke, hakuoa fito za kujengea."

"Fito hizi ndizo alizokuwa akizifichia nyama ukienda kanisani."

"Ilikwenda wapi hiyo nyama? Mwilini haipo."

"Niliila mbiombio kwa kukuogopa, haikupata nafasi ya kukaa."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi. Kisha akamwambia Mama, "Lete huo uji. Huyu asije akanizidi nguvu."

Nilipotoka nje nilimkuta Baba katikati ya migomba, amenipa mgongo, mabega yakitikisika. Mwana hapaswi kusikia mama yake akisema mambo ya namna ile. Akaniambia bila kugeuka kwamba anakagua majani, huenda yana ugonjwa.

Tangu siku ile kazi za nyumbani ziligeuka michezo. Tulichagua mawe katika nafaka ya wimbi kwa mashindano, naye alinitupia ya kwake kwenye ungo wangu nikitazama pembeni. Tulikula mapera tukashindana kutema mbegu, akanishinda. Ng'ombe mwenye hasira alimpa jina langu. Nami, kaka, juzi nilijikuta nikicheka peke yangu njiani huku watu wakinitazama, na sikuona haya. Nilikuwa nimejinyima kitu ambacho hakuna aliyenikataza.

Nisalimie wifi na watoto, hasa Jemimah anayejifunza kusoma. Baba na Mama wanawasalimu. Ndugu yetu Nyangau akipita huko kwa kazi zake, mwambie nyumbani bado wanamngoja.

Lipo jambo moja nililolifanya, na ni vizuri ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Likizo ilipokaribia kwisha nilijiuliza, nikiondoka, ni nani atakayebaki na ruhusa ya kumtania? Nikamwomba Baba nimchukue Nyanya. Akasema mama yake hawezi kuacha kaburi la mumewe. Nyanya akajibu kutoka ndani kwamba huyo wa kaburini hana haraka, atamngoja hadi mavuno ya wimbi. Basi nimemleta. Anaishi nami hapa shuleni, kitanda chake kando ya changu. Watoto wote wa hapa wana umri wa wajukuu wake, kwa hiyo anawatania wote bila kuvunja adabu ya mtu. Hivi ninavyoandika amekaa barazani, wa darasa la pili wamemzunguka, na ameshajichagulia mume: Ratemo, mwenye pengo mbele kama lake. Pole, kaka. Umeachwa.

Mungu awalinde, awape na kicheko cha kila siku.

Ni mimi dada yako, nikiwapenda nyote,

Tryphosa Bochaberi