Majani ya Bondeni Niliyoyapiga Salfa

MAELEZO YA SHAHIDI, KITUO CHA POLISI KITANGARI, 17/6/2024
Jina: Vitalis Nampota. Umri: miaka 54. Kazi: mkulima wa korosho na mjuzi wa dawa zake. Elimu: darasa la tano. Makazi: Mnyambe, Newala.

Mimi ni mjomba wa Dominika, na kwetu mjomba akisema amesema. Dominika ni mjane, hana hata mkorosho mmoja. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba.

Mnamo tarehe 3/6/2024, saa nne asubuhi, afisa mifugo Severina alikata majani ya bondeni yenye madoa meusi, akayatia kwenye mfuko yakapimwe maabara. Alisema, "Msimpe ng'ombe mpaka nipige simu." Aliandika namba yangu, maana Dominika hana simu.

Siku tisa ng'ombe alikula maganda ya mihogo, akakonda. Mimi nilicheka. Nimepulizia mikorosho salfa ya kuua ukungu miaka thelathini. Mwaka fulani nilipulizia mia nane kwa siku moja. Bomba likapasuka, iliyobaki nikaipuliza kwa mdomo. Ukungu ni ukungu tu. Tarehe 12/6, saa moja asubuhi, niliyapiga salfa majani yale mpaka yakawa ya njano.

Dominika akasema, "Mjomba, tusubiri simu."
Nikamwambia, "Umezaliwa nina bomba mgongoni. Lisha!"
Akalisha.

Tarehe 13/6, saa sita mchana, Severina alipiga: majani yana kuvu yenye sumu, yachomwe moto. Nilijibu, "Ahsante, mwanangu," nikakata. Nilikuwa kilabuni, nimeshawasimulia wenzangu nilivyoyatibu.

Jioni Dominika alikuja. "Shikamoo, mjomba. Simu imepigwa?"
"Marahaba. Imepigwa. Majani safi, wamenisifu."
Alipiga magoti kunishukuru.

Tarehe 15/6 alfajiri ng'ombe alianguka, akatupa mimba, povu likamtoka. Dominika alimpakata kichwa mpaka saa tatu, alipokufa. Nilimwambia angemchinja mapema tungepata nyama.

Jana nilikuja hapa kumshitaki Severina kwamba hakupiga simu. Afande akaiomba simu yangu, akaangalia simu zilizoingia. Ndiyo maana leo nimesema yote.

Asubuhi hii nimempita Dominika kwenye benchi hapo nje. Hakuniamkia. Mimi ni mjomba wake. Naomba hilo nalo liandikwe.

Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.
Sahihi: V. Nampota

Maelezo ya askari: Limeandikwa. Shahidi huyu hataondoka kituoni. Kuanzia sasa ni mtuhumiwa.