Kidole Kinachoelekeza Kulia

Jumanne, Julai. Kapsoya.

Baridi ya leo ni ile ya kukufanya umsamehe jirani anayechoma plastiki. Mvua ilianza saa mbili asubuhi, ikaondoka, ikarudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Rangi haikauki. Nina mabango ishirini yameegemea ukuta wa kibanda changu, na kura ni wiki mbili zijazo.

Ni mabango ya amani. Kuna kamati imeniagiza. Madam wao alikuja wiki iliyopita na picha kwenye simu: mtu amenyoosha kidole mbele, na maneno WEWE! UMEFANYA NINI LEO KWA AJILI YA AMANI? Akaniuliza kama naweza. Nikasema naweza. Mchora mabango hasemi hawezi. Anasema njoo Jumanne.

Shida ni kwamba siwezi.

Niungame hapa, maana wanaosoma blogu hii ni wachache na wengi wao ni shemeji zangu. Sikusomea uchoraji. Nilijifunza kwa kunakili makopo ya biskuti, kalenda za mbolea, na kitabu kimoja kisicho na jalada chenye picha za mabango ya vita vya wazungu. Nilikisoma hadi kurasa zikaachana. Ndani yake akina mama wa huko wanaambiwa walime viazi, wasimwage mafuta ya kupikia, wafunge midomo wakiwa sokoni. Vita viko mbali kabisa, lakini bango linaingia jikoni na kumwambia mwanamke mwenye sufuria kwamba naye ni askari. Na anakubali! Nilipoona hivyo nikajua kazi yangu si ndogo.

Humo ndani kulikuwa na kidole. Kile kinachotoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kifuani mwako, kiasi kwamba hata ukisogea kando kinakufuata. Kukichora, unatakiwa uchore ncha tu, na mkono wote ujifiche nyuma yake. Nimejaribu miaka yote hii. Changu hutoka kama kiazi chenye ukucha.

Kwa hivyo mimi huchora kidole cha pembeni. Mkono umelala, kidole kimenyooka kuelekea kulia, pingili zote tatu zinaonekana. Ni kizuri, nakwambia. Kwenye bango la buchari hakina taabu: kinaelekeza buchari.

Ule mwaka wa kura tunaoujua wote, kabla ya Krismasi, alikuja mtu mwenye koti safi. Alitaka mabango kwenye mbao, si karatasi, yavumilie mvua. Maneno yake yalikuwa haya: WEWE! UNALINDA KWENU? Akasema ni mambo ya wezi wa sikukuu. Sikuuliza wezi gani. Nilikuwa nimeshaanza kuwazia kile kitabu changu, akina mama na viazi vyao. Niseme ukweli: niliona raha. Sikuwa nimewahi kuchora kitu kinachowaambia watu wafanye jambo, ukiacha kununua nyama.

Bango moja walilipigilia kwenye mlingoti wa stima, upande wa kushoto wa duka la Mama Njeri.

Mama Njeri alikuja huku kutoka mkoa wa Kati akiwa bibi harusi, akabaki akiwa mjane. Anauza unga, maharagwe, mafuta ya taa na maneno makali. Basi mtu akipita, anasoma WEWE, anasoma UNALINDA KWENU, anafuata kidole, na mwisho wa kidole anamkuta Mama Njeri anapima maharagwe. Siku za kwanza ilikuwa mzaha. "Mama Njeri, unaitwa!" Naye anajibu, "Mwambie anayeniita aje alipe sukari." Baadaye mzaha ukaisha, watu wakawa wanafuata kidole kimyakimya.

Nilikuwa napita hapo kila asubuhi. Ngazi ninayo. Nyundo ninayo.

Sikulitoa.

Matokeo ya kura yalipotangazwa, Mama Njeri alikuwa ameshaondoka alfajiri na watoto, juu ya lori la mahindi, hadi kambi ya wakimbizi. Duka likachomwa mchana. Mimi nilikuwa nyumbani, pazia nimefunga, nasikiliza redio kana kwamba redio ndiyo itaniambia moshi ule unatoka wapi. Labda wachomaji wangekuja tu, hata bila bango. Labda walikuwa wanajua milango yote bila kuelekezwa na mtu. Hilo hujiambia mara nyingi, na siku nyingine naliamini hadi saa sita.

Nilipoenda, duka lilikuwa majivu na bango lilikuwa zima. Kona moja tu ilikuwa imejikunja. Rangi nzuri ya mafuta, kazi safi. Kidole kilikuwa bado kinaelekeza.

Nikaling'oa nikalileta hapa. Nikalifanya meza, uso chini. Mbao ni mbao. Ni juu ya meza hiyo nimechora kila kitu tangu siku hiyo, pamoja na bango jipya la Mama Njeri aliporudi baada ya muda mrefu akajenga upya kwa mabati, palepale. Hajawahi kuniuliza nani alichora lile la kwanza. Kila siku saa nne huja na thamosi ya chai, anakaa kwenye kile kigoda changu kifupi, tunaongea kuhusu magoti yake yanayouma na bei ya mahindi Moi's Bridge. Hilo jambo hatuligusi.

Leo alikuja bila thamosi.

"Fundi, kesho naenda kwa dada yangu mpaka watangaze matokeo," akasema. "Niandikie jina lako mlangoni kwangu."

Nilijua anachotaka. Ule mwaka watu waliandika majina kwenye milango na mageti, jina la jirani anayefaa, ili wenye viberiti wapite. Jina la mtu wa kabila la ziwani kama mimi lilikuwa linafaa sana. Lilikuwa linapita kwenye vizuizi vyote kama gari la maziwa. Lakini wakubwa wa siasa wamehamahama tangu wakati huo, aliyekuwa huku yuko kule, na sisi wenye majina hatukuarifiwa.

"Mama Njeri, mwaka huu hata mimi sijui jina langu liko upande gani."

"Andika tu. Likikataa, tutaungua wawili, angalau hutaniacha na majivu peke yangu."

Alicheka. Mimi nikashindwa kucheka. Nikasema, "Mama Njeri, lile bango la ule mwaka…" na nikaanza kuosha kwa tapentaini brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Lipi? Hili la hapa chini?"

Akagonga meza yangu kutoka chini, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Kwani unafikiri mimi nakaa wapi kila siku? Wewe mrefu, unaona juu tu. Mimi nikikaa kwa hiki kigoda chako naona kidole chote, mpaka kucha. Siku ya kwanza nilitaka kukumwagia chai. Halafu nikaangalia kinaelekeza wapi." Akanyoosha mkono. "Kinaelekeza magoti yako, pale unaposimama ukichora. Kila siku. Nikasema basi, kiache kifanye kazi."

Akasimama, akakung'uta leso yake. "Herufi kubwa, Fundi. Na usiniwekee maua."

Nikaenda nikaandika. OCHIENG', herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kwenye mlango wa mwanamke ambaye hakunisamehe na hakunishtaki. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu. C nikairudia mara mbili. Mvua ikanyesha tena kabla haijakauka, na jina langu likaanza kuteremka mlangoni taratibu. Nikasimama pale nikilikinga kwa kadibodi.

Madam alikuja saa tisa na pikapu. Nilikuwa nimeshawaza yote. Kidole kikielekea juu, bango linakuwa la kanisa. Chini, la mazishi. Kushoto ni jirani mwingine tu. Viwili, kila upande kimoja, ni askari wa trafiki. Nilikuwa nimejaribu tena kile cha mbele, mara nne, na vyote vinne vilikuwa viazi.

Nikamwomba jambo moja tu: wakipigilia, wahakikishe upande wa kulia hakuna kitu.

Alinitazama kama mtu anayeangalia kama nimekunywa.

"Fundi, kila mahali kuna kitu upande wa kulia."

Kweli kabisa. Nilimwambia basi angoje yakauke, akasema hakuna wakati, yatakaukia njiani. Mengine yanaenda Turbo, mengine Chepsaita, mengine Moi's Bridge. Nilimsaidia kuyapakia. Nimebaki na alama zake viganjani, nyekundu na nyeusi, na tapentaini imeisha.

Nimeomba niachiwe moja. Nimelipigilia mwenyewe, kushoto kwa kibanda changu, na ngazi yangu mwenyewe. WEWE! Kidole kinaelekeza mlango wangu. Hilo moja najua linakoelekea.

Yale kumi na tisa yatapigiliwa kesho. Kesho mtu fulani, simjui, hanijui, atafungua duka lake, atapanga nyanya zake nje kama kawaida, na hatatambua kwamba yuko upande wa kulia.