Masomo Niliyoyasikiliza Nikifua Mashuka

Kindu

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima yote, nikitumaini barua hii inakukuta umekaa barazani, si kitandani. Goti lako linaendeleaje? Dereva wa pikipiki aliyetoka huko kwetu Kama aliniambia siku hizi unakwenda shambani na fimbo, na kwamba ukiambiwa upumzike unajibu kuwa ulikwisha pumzika. Nilicheka kidogo, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Yaya Faida, dada yangu mkubwa, wewe unayemsomea mama, kuna mahali katika barua hii nakuomba usome polepole. Utapajua ukifika.

Mimi nipo. Siwezi kusema mzima kabisa, ila nipo. Kazi ni ileile ya kufua hospitalini. Asubuhi tunafua mashuka ya wazazi, mchana ya wagonjwa waliopasuliwa. Umeme ukikatika mashine inalala, na sisi wanawake watatu tunamaliza kwa mikono. Sabuni imenichubua vidole hadi kushika kalamu hii kunaniuma.

Mlisikia kwamba mwaka jana nilianguka katika konkuru, ule mtihani wa kuingia fakilite ya udaktari. Sikuwaelezea kwa nini, kwa aibu. Ukweli ni kwamba sikuwa nasoma. Nikirudi kazini nilikuwa nafungua daftari na usingizi unanichukua kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Vita vilinikatia shule nikiwa mdogo, diploma ya sekondari nikaipata wenzangu wakiwa tayari wana watoto watatu watatu. Nikajiambia basi, imetosha, acha nifue.

Ndipo mwenzangu mmoja wa kufua akanipeleka kwa Mwalimu Amisi. Ni mzee aliyefundisha biolojia na kemia maisha yake yote, sasa macho yamemwishia, hawezi tena kuandika ubaoni. Kwa hiyo anakaa chumbani kwake na telefone, anajirekodi akifundisha. Anayetaka anapeleka karte yake ya telefone, ile ya kuhifadhia sauti, mjukuu wake anamwekea masomo yote bure. Ukisikiliza unasikia kila kitu: anakohoa, jogoo wanawika, adhana inaanza na yeye ananyamaza mpaka iishe, kisha anaendelea pale pale alipoachia neno. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa na sauti yake katika sikio moja, mikono ikiwa ndani ya maji. Nilijifunza damu, mapafu, chumvi na asidi, nikiwa nimeinama. Somo nisilolielewa nililirudia mpaka mashuka yaishe. Kuna siku nilichoka hata sauti yake ikanichukiza, nikaendelea kuisikiliza hivyo hivyo.

Yaya Faida, ni hapa.

Kulikuwa na somo juu ya maji mwilini. Mwalimu alieleza jinsi utumbo unavyonyonya maji, kisha akasema kwamba mtoto anayehara na kutapika hapaswi kunyimwa maji hata kidogo. Apewe maji yaliyochemka, yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, hata kama anatapika. Akinyimwa, damu inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma.

Nilitoa mikono majini nikakaa chini, sakafuni, penye maji machafu.

Mama, nilikuwa na miaka tisa tulipokimbilia msituni. Wewe ulikuwa umelala na homa, Yaya Faida alikuwa amekwenda na wengine kutafuta mihogo. Mdogo wetu Omari akaanza kuhara. Wale wanawake tuliokuwa nao wakaniambia nisimpe maji, maana kila akinywa yanatoka. Basi nilikalia bidoni, dumu letu la maji. Aliniomba siku nzima. “Yaya, maji. Yaya, maji.” Mwishoni hakuwa anasema tena, alikuwa ananyoosha mkono tu. Nikamgeuzia mgongo ili nisiuone. Jioni ulipoamka ukaniuliza kama nimempa, nikasema sikumpa, na wewe ukanishika kichwa ukasema nimefanya vizuri. Asubuhi tukamzika. Hilo la kuomba sijapata kukuambia. Nilisema alikuwa amelala.

Sikuandikii ili uanze kujilaumu, nakusihi. Ulikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa mtoto. Lakini nimelibeba na nimechoka kulibeba peke yangu.

Baada ya somo hilo nilifunga telefone na sikuisikiliza tena. Wiki zikapita. Nilifua kimya. Mwishowe nikaenda kwa Mwalimu kumwambia karte yangu ampe mwingine, mimi naacha. Aliniuliza sababu nikamweleza yote, nikidhani atanipa pole kama wanavyotoa watu. Yeye akasema:

“Mimi nilikuwa najua yote hiyo. Katika vita tulikimbilia ngambo ya Lokandu, binti yangu akashikwa na ile ugonjwa. Chumvi haikukuwa. Sukari haikukuwa. Nilimupa maji ya mutoni, nilimupa tena na tena. Alikufa vile vile.”

Nikamuuliza, “Sasa, Mwalimu, juu ya nini unaifundisha hiyo somo?”

“Sababu kuko wenye wanapona.”

Aliita mjukuu wake alete chai, tukanywa, akaniuliza nimefikia wapi katika kemia. Nikasema kemia inanishinda. Akasema basi tuanze na hiyo, na akanifundisha hapo hapo kwa mdomo mpaka sauti ikakauka. Sijui kama alinifariji, Mama. Nilitoka kwake na uzito uleule, ila niliweza kutembea nao.

Nikarudia masomo. Siku ya konkuru nilivaa kile kitenge ulichonipa, na mlangoni msimamizi alinizuia kwa adabu: “Mama, wazazi wanangojea inje.”

Nikamjibu, “Mimi ndio ninafanya konkuru.”

Vijana wakacheka, naye akaona haya, akanitafutia dawati la mbele. Niliandika mpaka wakanipokonya karatasi. Maswali ya kemia mengine niliyaacha. Siku majina yalipobandikwa ukutani nilianza kusoma kutoka juu, nikakata tamaa katikati, na mtu nyuma yangu alikuwa ananisukuma nitoke. Jina langu lilikuwa karibu na mwisho. Nililisoma mara tatu. Nilidhani nitalia au nitapiga vigelegele, lakini kilichonijia ni njaa tu, nikaenda kununua ndizi, kisha nikarudi kazini kwa sababu mashuka yalikuwa yananisubiri.

Kwa hiyo nimepita, Mama. Ni miaka mingi ya kusoma, na nikiimaliza nitakuwa na mvi. Mkuu wetu amenikubalia nifue alasiri, asubuhi niende darasani. Naogopa. Wale vijana wanakumbuka kitu wakikisikia mara moja, mimi mpaka mara tano.

Nakuomba kitu kimoja. Usinijibu haraka juu ya Omari. Kaa nalo kwanza. Na kama siku ile, katika homa yako, ulimsikia akiniita, niambie tu, nitaweza kusikia.

Nisalimie mjomba anayechimba dhahabu, mwambie avae viatu shimoni. Nisalimie shangazi wa upande wa baba, na mke wa kaka aliyejifungua juzi. Mtoto wake akiharisha, Yaya Faida, unajua sasa la kufanya, mfundishe na yeye. Bibi yetu msomeeni barua hii, lakini lile la msituni mliruke.

Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako, Mwavita. Nimechoka, Mama, lakini Jumatatu naanza.