Nambari Yako ya Mwisho

Ndunge rafiki yangu,

Tangu tukuzike kule Kilungu, ile mashini yako ya kupima sukari iko kwangu. Binti yako Mwende aliileta mwenyewe. "Mama alisema ni yako sasa, aunty," akaiweka mezani, akalia, tukalia sote.

Hukuniambia itakuwa vigumu hivi. Unajua inakumbuka kipimo kimoja tu, cha mwisho. Nikibonyeza kitufe inaniletea saba nukta nne. Hiyo ni damu yako, Ndunge, ya asubuhi ile kabla hawajakupeleka hospitali na kile kidonda cha mguu. Kila nikiamka naibonyeza nione kama bado uko. Nikijipima sukari yangu mimi, unafutika. Basi sikujipima.

Nakikumbuka kibanda chako cha kushona hapa Sultan Hamud, mimi nikifika na beseni langu la machungwa. Ulijidunga kidole bila kukunja uso, fundi aliyezoea sindano, halafu ukanicheka nikisita. "Nawa mikono kwanza, mama machungwa. Hii kitu itapima machungwa iseme ni wewe." Na siku ile nesi alipotueleza kwamba kwenye kile kipande cha kupimia kuna kimeng'enya kilichokaushwa, kinachokula sukari ya damu na kutoa umeme kidogo, na mashini inahesabu huo umeme, ulisema, "Kumbe niko na stima kwa damu, na nyumbani natumia koroboi." Nesi alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini sasa kiu imenizidi, macho yanaingia ukungu, na vipande ulivyoniachia vitaharibika hata nisipovitumia. Jana nesi alinitazama akasema, "Mama Mumo, Ndunge amelala. Wewe bado uko na watoto." Nilimkasirikia. Nimekukasirikia hata wewe, kwa kuondoka ukaniachia kazi hii.

Leo asubuhi nilibonyeza mara moja tu, nikaisoma saba nukta nne kwa sauti. Kisha nikanawa kwa sabuni mpaka harufu ya machungwa ikaisha, nikajidunga.

Kumi na tano nukta mbili. Ungenigombeza wiki nzima.

Nimeumia, Ndunge. Nimelia kwa sababu ya nambari, mtu mzima mimi. Lakini nakuahidi nitajipima na nitaishusha, na siku ikisoma saba nukta nne nitapanda Kilungu nikuambie pale ulipolala.

Pumzika, fundi wangu. Mikono nilinawa.

Syombua