Sauti ya Kazini

Dada,

Shikamoo. Huku tunapumua, ingawa kwa barakoa.

Mkuu wa makao yetu ya wazee ameweka kimashine mlangoni. Ukitoka zamu unabonyeza uso unaocheka au ulionuna, ajue kama tunaridhika na kazi. Mfagizi hukipangusa kwa dawa kutwa nzima, na kila akipangusa anabonyeza ule unaocheka. Basi mkuu anajisifu kwamba tuna furaha kupindukia! Na glavu tulizomwomba je? Kimya.

Tangu ugonjwa uingie, nusu ya wenzangu wako kitandani, nami nawaogesha wazee wa korido nzima peke yangu. Kazi naipenda, dada, usinielewe vibaya. Kinachonikera ni kuifanya mbiombio, unamvalisha mtu soksi huku macho yako mlango wa pili.

Sasa, umeniuliza nimemfanyia nini mama hata hataki kushika simu yangu. Nilimpigia nikitoka zamu. Akaanza habari za goti lake, polepole, unavyomjua. Nikamkatiza kwa sauti kubwa, ile ya kazini: "Haya bibi, dawa umekunywa? Choo umepata? Vizuri sana!"

Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwa adabu zote, "Asante, nesi. Sasa naomba uniitie mwanangu."

Nilikata simu, dada.

Mwambie namtafuta huyo mwanawe. Nikimpata, Jumapili atapiga mwenyewe, na hilo goti atalisikiliza mpaka mwisho.

Mdogo wako