Neno la Mwisho la Chifu Stephano

Jumatatu, 8 Julai 2024

Matanga ya kaka hayajaisha, tayari wanagombania kigoda chake! Stephano hakuacha mtoto. Wamebaki watoto wa ndugu zetu wawili marehemu: Edmund, Mwanglikana wa hapa hapa ziwani, na Othmar, Mkatoliki, aliyelelewa kwa wajomba zake Kigonsera. Wote ninawaita wanangu. Na kwetu shangazi ndiye anayemshika chifu mpya mkono na kumkalisha. Basi leo ni shikamoo zisizokwisha! Othmar kaleta kahawa na sukari. Edmund kaleta usipa, dagaa wa ziwa letu, ndoo nzima. Nimepokea vyote, sijaahidi kitu.

Jumatano, 10 Julai

Kwenye kikao cha ukoo Othmar kasimama na katekista Tadei. Eti siku kaka anakata roho, Tadei alichungulia mlangoni, akasalimu, “Tumsifu Yesu Kristo,” na kaka akaitikia, “Milele amina.” Eti kwa hiyo alikufa Mkatoliki, si Mwanglikana, na kigoda kimwendee Mkatoliki mwenzake! Wengine wakapiga makofi. Makofi, matangani!

Kichwa cha kaka kilikuwa mapajani mwangu. Alisema “Miliana.” Ni jina langu! Emiliana ilimshinda tangu utotoni, hakuwahi kuitamka yote. Alikuwa ananiita mimi. Hakuwa akiitikia salamu ya mtu.

Nikawaambia. Othmar akatabasamu kwa adabu — masikio ya uzee hayo, Shangazi, pumzika.

Masikio yangu!

Ijumaa, 12 Julai

Nilidhani Edmund ana nafuu. Kaja leo, kakaa chini kwenye mkeka, mpole kabisa. Anasema ananiamini, kaka aliniita. Ila kesho, siku ya kumsimika chifu, mbele ya watu, niseme alitaja “Edmund.” Eti si uongo, ni kulilinda kanisa letu, mzee asiibwe akiwa kaburini.

Nimemfukuza na ndoo yake! Othmar angalau anaweza kusingizia kwamba Tadei alisikia vibaya. Huyu kasikia vizuri, na bado anataka kuligeuza neno. Kaka aliniachia neno moja tu. Hakuna aliyebaki wa kuniita hivyo, na hilo nalo wanaliparamia. Nimelia, si kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Uani pamejaa. Kwaya mbili zinashindana, hata ngoma haisikiki. Kigoda kiko ndani, pamoja nami. Vijana wangu wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja na kanzu mpya.

Nimewaambia kupitia mlango: atakayetangaza mbele ya watu kaka alisema nini hasa, huyo ndiye nitakayemshika mkono. Awe wa kanisa lolote!

Wakasogeleana.

Kisha wakaanza kunong'onezana. Hawajasemeshana tangu msiba, leo wananong'onezana! Nimesogeza sikio. Othmar anasema Vitalia wa Matiri naye ni shangazi, binti wa baba mdogo, na hana maneno mengi. Edmund anasema pikipiki ipo.

Pikipiki imewaka, wamemtuma mtu. Kigoda bado ninacho. Nimekikalia — mwanamke! — na sasa wanagonga wote wawili, kwa pamoja