Nguzo Zangu za Muhogo

Mama Mshauri, nisaidie upesi maana naelekea kuaibika. Nina miaka sabini na mmoja, nimeishi nikaipita ile homa kubwa, nzige, machifu watatu na mzungu aliyenipiga teke, na ghala langu la viazi vikuu halikuwa na mfano hapa Umuokpara mpaka vita vikalimaliza, sasa vijana wenye vyeti wote wamekwenda kupigana, serikali ikatazama huku na huku ikaniona mimi, ikanifanya bwana shamba, nina kofia. Amri ikaja watu wote wapande muhogo, maana wakimbizi wamejaa shuleni na watoto wao wamevimba miguu. Muhogo kwetu ni zao la wanawake, sijawahi kuushika, lakini kulima ni kulima, nikaita kijiji kizima nikawafundisha: nikainua matuta makubwa, kila tuta nikalisimikia nguzo ya kutambalia, kama kiazi kikuu.

Wanawake wakakaa chini kwa kucheka. Mke wangu Oyiridiya akasema, "Baba Obiora, hizo nguzo za nini? Muhogo wako unakwenda kuchungulia ndege za vita?"

Nikamwambia, "Nyamaza wewe, hii ni njia mpya ya serikali."

Basi wanawake, ambao pingili zote za kupanda ni zao, wamegoma kutoa hata moja mpaka ning'oe nguzo mwenyewe, mchana, mbele ya wanaume wenzangu, niseme "nifundisheni". Na mvua zinakwisha. Waandikie hao, Mama, watii serikali. Kama unadhani naongeza chumvi muulize Onwuzuruike fundi baiskeli, alikuwepo, alicheka mpaka akatapika.

Mazi Okpaleke, Bwana Shamba

*

Mazi, pole kwa vita na pole kwa ghala lako. Lakini niwaandikie wanawake nini, kwamba muhogo umeanza kutambaa? Ulikosea, hilo dogo. Kusema uongo kwa jina la serikali ndilo kubwa. Mama aliyekaa pale shuleni na mtoto aliyevimba hajali wanaume wenzako watasema nini, anataka muhogo uingie ardhini kabla mvua hazijakatika.

Kesho asubuhi ng'oa nguzo zote. Wakicheka, cheka nao. Mzigo wa kwanza wa pingili ubebe wewe kichwani. Na neno "nifundishe" mwambie Oyiridiya kwa sauti kubwa, maana mara ya kwanza atajifanya hakusikia.